Amri ya Kufuta na Wajibu wa Kurudisha

Mwanzoni mwa Agosti 2024, maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Singapore waliwasha vifaa vyao vya masomo wakakuta havina kitu. Muhtasari wa masomo na mazoezi waliyoyahifadhi kujiandaa na mitihani vilikuwa vimefutwa. Hakuna mwanafunzi aliyebonyeza kitufe kimakosa, wala hakuna kifaa kilichoibwa. Mdukuzi alikuwa ameingia katika mfumo wa kampuni ya Mobile Guardian, uliotumiwa na shule kusimamia vifaa hivyo kwa mbali, na vifaa vikafutwa kupitia njia ileile iliyowekwa kwa ajili ya kuvilinda. Wizara ya Elimu ya Singapore ilitangaza kwamba wanafunzi wapatao 13,000 katika shule 26 waliathirika, kisha ikaamua programu hiyo iondolewe kwenye vifaa vyote. Mkasa huo unahusu kila taasisi inayosimamia kompyuta zake kwa mbali, iwe benki, hospitali, wizara au shirika lisilo la kiserikali. Uwezo wa kufuta kompyuta iliyo mbali unamlinda nani hasa, na kwa gharama gani? Hoja yangu ni kwamba uwezo huu umesifiwa kupita kiasi pale unapotakiwa kumzuia mwizi, na umeogopwa kidogo mno pale unapoweza kumwangukia mwenye mali. Taasisi inayojenga uwezo wa kufuta bila kujenga kwa bidii ileile uwezo wa kurudisha imejiwekea hatari mpya ikidhani imejiwekea kinga.

Watu huizungumzia amri hii kama kitu kimoja, ilhali ndani yake mna hatua nne zenye uzito tofauti. Ya kwanza ni kufunga kifaa, kisitumike hadi mwenyewe athibitishe. Ya pili ni kuondoa mali ya kampuni peke yake, yaani barua pepe za kazi, programu na mafaili ya ofisi, na kuacha vitu binafsi vya mtumiaji. Ya tatu ni kuiweka kompyuta upya kwa ajili ya mtumiaji mwingine: kwenye Windows, huduma iitwayo Autopilot Reset huondoa mafaili, programu na mipangilio ya mtumiaji wa awali, lakini huacha lugha, mtandao wa Wi-Fi na uhusiano wa kompyuta hiyo na kampuni. Ya nne ni kufuta kabisa, kifaa kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Kwa msimamizi wa mifumo, tofauti kati ya hatua hizi ni mistari michache tu katika orodha moja kwenye skrini. Anatafuta jina la kompyuta, anachagua, anathibitisha, basi. Seva inatuma wito, na kompyuta ya Windows ikiwa mtandaoni inajizima na kujiwasha, inaingia katika kipande kidogo cha diski kilichotengwa kwa matengenezo, na kutoka humo inaujenga upya mfumo endeshi. Mafaili ya kujengea hutoka kwenye diski yenyewe au hupakuliwa kutoka intaneti, na upakuaji huo unaweza kuzidi gigabaiti nne. Kipande hicho cha matengenezo kikiwa kimeharibika au kimezimwa, amri hukwama na kompyuta hubaki ilivyokuwa.

Faida ya mpangilio huu ni kubwa, na anayeubeza hajawahi kuwajibika kwa kompyuta mia tatu zilizotawanyika mikoani. Makao makuu yakiwa Dar es Salaam na tawi likiwa Mpanda, kompyuta moja iliyoharibika ilimaanisha ama fundi apande basi na flashi mfukoni kwenda kupiga Windows upya, ama kompyuta ifungwe kwenye boksi na kusafirishwa huku dirisha la huduma likiwa limefungwa. Leo kazi hiyo inaweza kuanzishwa na kumalizika mchana mmoja bila mtu kusafiri. Mfanyakazi akihama kitengo, kompyuta yake inasafishwa na kukabidhiwa mwingine ikiwa na programu zinazohitajika, bila mabaki ya siri za aliyetangulia. Haya ni matumizi ya kila siku, na ndiyo yanayoufanya uwezo huu ustahili gharama yake. Lakini mara nyingi hauuzwi kwa sababu hizo. Huuzwa kwa hofu ya kompyuta iliyopotea.

Hofu hiyo ina msingi. Mei 2006, kompyuta mpakato na diski ya nje viliibwa nyumbani kwa mtumishi wa Idara ya Maveterani ya Marekani. Ndani yake mlikuwa na taarifa za watu wapatao milioni 26.5, yakiwemo majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii, na taarifa hizo hazikuwa zimesimbwa. Vifaa hivyo vilipatikana baadaye, na wachunguzi walieleza kwamba hakukuwa na dalili kuwa taarifa zimeguswa, lakini serikali iliishia kukubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi za madai. Tangu hapo, kila kiongozi anayesikia habari ya namna hiyo hutaka ahakikishiwe kwamba kompyuta ya taasisi yake ikiibwa, kuna mtu atakayebonyeza kitufe na siri zote zitoweke.

Ahadi hiyo ina tundu kubwa. Amri ya kufuta ni ujumbe, na ujumbe unahitaji mpokeaji. Kompyuta mpakato iliyoibwa kwenye gari haina laini ya simu ndani yake, isipokuwa chache. Haitajiunga na mtandao mpaka mtu aiunganishe. Mwizi anayetaka kuiuza ataiwekea mfumo mwingine bila kuifikisha mtandaoni. Mwizi anayetaka yaliyomo, ambaye ndiye wa kuogopwa zaidi, atachomoa diski na kuisomea kwenye kompyuta nyingine, na diski iliyochomolewa haisikii amri ya mtu. Kwenye ukurasa wa msimamizi, neno litakalosomeka ni “inasubiri”, leo, kesho na mwezi ujao.

Kinachomzuia mwizi huyo ni kusimba diski, yaani kuyageuza yote yaliyomo kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo. Kazi hiyo hufanyika kabla ya wizi na haisubiri mtandao. Hata ufutaji wenyewe, ukiutazama kwa ndani, siku hizi unategemea usimbaji. Diski za kisasa zisizo na sahani zinazozunguka hutawanya maandishi katika seli zake ili zisichakae upande mmoja, na kuandika juu ya faili la zamani hakuhakikishi kwamba umegusa seli zilizolihifadhi. Ndiyo maana mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika toleo lake la Desemba 2014, ulikubali njia ya kuharibu ufunguo kuwa miongoni mwa njia halali za kusafisha diski. Kompyuta za Mac zenye chipu za Apple hufanya hivyo hasa: ufunguo unaofungua diski hutunzwa katika sehemu ya chipu iliyolindwa, na amri ya kufuta inapofika, ufunguo huangamizwa kwa muda mfupi sana. Mafaili yote hubaki palepale, lakini hayasomeki tena na mtu yeyote. Kama usimbaji ndio ulinzi wenyewe, basi kufuta kwa mbali ni nyongeza.

Kuna watakaopinga kwamba usimbaji hautoshi, nao wana hoja. Kompyuta iliyonyakuliwa ikiwa imewashwa na mtumiaji ameshaingia tayari ina ufunguo wake kwenye kumbukumbu. Na mfanyakazi aliyefukuzwa kazi anaijua nywila yake. Kusimbwa kwa diski hakumzuii chochote. Katika hali hizi mbili amri ya mbali ina thamani ya kweli, kwa kuwa huenda kompyuta bado iko mtandaoni. Lakini tutazame ni amri ipi inayohitajika hapo. Cha haraka ni kumfungia mtu milango: kusimamisha akaunti yake, kukata vibali alivyokuwa navyo kwenye barua pepe na mafaili yaliyo kwenye wingu, na kufunga kompyuta yenyewe. Yote hayo yanaweza kutenguliwa kesho ikibainika kwamba jina lilikosewa au kwamba mfanyakazi ameshinda rufaa yake. Kufuta hakutenguliki, na mara nyingine huharibu ushahidi ambao taasisi yenyewe ingeuhitaji mahakamani. Kwa hiyo hoja ya mfanyakazi mwasi inatetea kufunga kwa haraka. Haitetei kufuta kwa haraka.

Sasa tugeuke upande wa pili, kwa kuwa hapo ndipo hatari ilipo. Kompyuta zinazotii amri ya mbali kwa uhakika kabisa ni zile zilizo mikononi mwa watu waaminifu, zimewashwa, ziko ofisini, zimeunganishwa na mtandao mzuri. Hizo ndizo zisizohitaji kufutwa, na hizo ndizo zitakazofutwa kwa dakika chache mtu akikosea au akivamia. Mei 2014, Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta kilijikuta kimetuma amri ya kusakinisha Windows 7 upya kwa kompyuta zake zote za Windows, zikiwemo kompyuta mpakato na seva. Hapakuwa na mdukuzi. Mafundi walipogundua kosa walikimbilia kuzima seva iliyokuwa ikisambaza amri, wakakuta nayo imeshafutwa kwa amri ileile iliyokuwa ikiisambaza. Julai 2021, kundi la wahalifu la REvil lilitumia udhaifu katika programu ya VSA ya kampuni ya Kaseya, ambayo watoa huduma wa TEHAMA hutumia kusimamia kompyuta za wateja wao kwa mbali. Kundi hilo halikufuta bali lilisimba mafaili na kudai fidia, lakini njia ilikuwa ileile ya msimamizi. Kaseya yenyewe ilikadiria kwamba biashara hadi 1,500 ziliguswa, na nchini Sweden maduka ya Coop yapatayo 800 yalifunga milango kwa kuwa mashine za kulipia ziligoma. Emory walikosea wenyewe, Kaseya ilivamiwa na wahalifu waliotaka pesa, na Mobile Guardian ilivamiwa na mtu aliyeharibu tu. Sababu zimetofautiana, matokeo yamefanana, kwa sababu katika visa vyote mamlaka juu ya maelfu ya kompyuta yalipita katika mlango mmoja, na aliyeupita mlango huo hakuulizwa tena.

Wapo wanaosema dawa ya haya yote ni usimamizi wa mbali uleule: kompyuta zikiharibika kwa wingi, zitarudishwa kwa wingi. Tarehe 19 Julai 2024 ilionyesha mpaka wa imani hiyo. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro kwa wateja wake, ikaliondoa baada ya dakika 78. Dakika hizo zilitosha. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Nyingi zilijiwasha, zikaanguka, zikajiwasha tena, bila kufika hatua ya kuunganika na mtandao. Tiba ilikuwa nyepesi kuieleza: washa kompyuta katika hali salama, futa faili moja, iwashe tena. Lakini hakuna amri ya mbali iliyoweza kuifikia kompyuta ambayo haijaamka. Mafundi walilazimika kupita dawati kwa dawati, na pale diski zilipokuwa zimesimbwa, kila kompyuta ilidai ufunguo wake wa tarakimu 48. Taasisi iliyozihifadhi funguo hizo kwenye seva ambayo nayo imeanguka ilijikuta nje ya nyumba yake. Baada ya mkasa huo, Microsoft ilitangaza kwamba inaunda njia ya kurekebisha Windows kwa mbali hata inaposhindwa kuamka. Ni hatua njema, na kwa kuitangaza kampuni ilikiri kwamba hapo awali kulikuwa na pengo.

Ushahidi mzito kuliko wote kuhusu kurudisha unatoka kwa Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Juni 2017, programu hasidi ya NotPetya iliingia katika mtandao wake na kuangamiza karibu kila kitu. Mwenyekiti wake wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza mjini Davos Januari 2018 kwamba kampuni ilisakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Idadi hiyo inastaajabisha, lakini somo liko katika jambo dogo lililofichuliwa na uchunguzi wa jarida la Wired mwaka 2018. Kampuni ilikuwa na nakala rudufu za seva nyingi, isipokuwa za seva zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao, ambazo bila hizo hakuna kompyuta inayojua nani aruhusiwe kuingia. Zilikuwa nyingi, zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na ikadhaniwa kwamba wingi wao ulitosha kuwa kinga. Zote zilifutika, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na hivyo haikuwa mtandaoni. Intaneti ya ofisi hiyo ilikuwa nyembamba mno kusafirisha data kwenda Uingereza, na hakuna mtumishi wa Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza, hivyo diski ikapelekwa Nigeria mkononi, ikakabidhiwa mwenzao mwingine, naye akapanda ndege kwenda London. Kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani wakati huo katika usafirishaji wa makontena kwa meli iliokolewa na kukatika kwa umeme. Kilichoiokoa hakikuwa mpango, na hilo ndilo la kutia hofu: nakala isiyofikiwa na amri ya mbali ilikuwepo kwa bahati, ilhali ilipaswa kuwepo kwa makusudi.

Kwetu Afrika Mashariki somo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa intaneti inayobeba amri ya kufuta ndiyo inayotakiwa kubeba kila kitu cha kurudisha, na mizigo hiyo miwili hailingani. Amri ya kufuta ni ujumbe mfupi unaopita hata kwenye mtandao dhaifu. Kurudisha ni gigabaiti kadhaa kwa kila kompyuta: mfumo endeshi, programu za ofisi, masasisho, mafaili ya mtumiaji. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota vibaya katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Tawi ambalo kompyuta zake zingefutwa usiku wa kuamkia siku hiyo lingebaki na mashine safi zisizo na kazi kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo, ushauri unaotolewa huko ambako mtandao hauyumbi, kwamba kila kitu kipakuliwe upya kutoka kwenye wingu, hauwezi kuchukuliwa hapa bila marekebisho. Tawi lililo mbali linahitaji nakala ya mafaili ya usakinishaji palepale lilipo, na mtu mmoja anayejua kuitumia.

Kuna pia haki ya mwenye taarifa, jambo linalosahaulika kwa sababu amri huonekana ya kiufundi. Nchini Marekani, mahakama ya shirikisho huko Texas mwaka 2014 ilitupa madai ya mfanyakazi aliyeacha kazi kisha kampuni ikaifuta simu yake binafsi, pamoja na picha zake za familia. Sheria za shirikisho alizozitegemea hazikumsaidia. Hatuna sababu ya kufuata mkondo huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hazimwajibishi mtunza taarifa kwa kuvuja peke yake. Zinamtaka pia azilinde zisipotee wala kuharibiwa bila idhini. Kwa mtazamo huo, taasisi inayofuta taarifa za watu kwa uzembe inatakiwa kujibu kama ile iliyoziacha zivuje. Mgonjwa ambaye historia ya matibabu yake imepotea ameumizwa, hata kama hakuna mgeni aliyeisoma.

Tunafanyaje basi? Baadhi ya mifumo inaruhusu masharti ambayo wasimamizi hawayawashi. Amri ya kufuta idhinishwe na watu wawili. Iwekewe kikomo, ili mtu mmoja asiweze kufuta zaidi ya kompyuta chache kwa siku. Akaunti zenye uwezo huo ziwe za kazi hiyo tu, zilindwe kwa uthibitisho wa hatua mbili, na zisitumike kusomea barua pepe. Funguo za diski na orodha ya watumiaji zihifadhiwe mahali ambapo mfumo wa usimamizi haufiki. Atajitokeza mtu kusema kwamba idhini ya watu wawili itachelewesha hatua wakati wa dharura. Nimeshajibu kwa sehemu: dharura inahitaji kufunga, na kufunga kunaweza kubaki mikononi mwa mtu mmoja saa yoyote. Mwingine atasema taasisi ndogo ina fundi mmoja tu, huyo wa pili atoke wapi? Idhini ya pili haihitaji ufundi. Mhasibu au mkuu wa ofisi anaweza kusoma jina la kompyuta na la mtumiaji wake, akapiga simu kuuliza, kisha akakubali au kukataa, na kumkabidhi kazi hiyo hakugharimu chochote. Ugumu halisi uko kwa taasisi zilizokabidhi kila kitu kwa mkandarasi wa nje. Hizo ziandike masharti haya kwenye mkataba, kwa kuwa mkandarasi akivamiwa, wateja wake wote wamevamiwa.

Juu ya yote, taasisi zibadili kipimo. Wakaguzi wa mifumo huuliza kama taasisi inaweza kufuta kompyuta kwa mbali, jibu likiwa ndiyo wanaweka alama ya vema na kusonga mbele. Swali la maana zaidi ni hili: kompyuta zote za tawi moja zikifutika leo asubuhi, ni saa ngapi zitapita kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa, na mara ya mwisho kujaribu ilikuwa lini? Jibu la swali hilo haliwezi kutolewa na muuzaji wa programu. Linapatikana kwa kuchukua kompyuta moja ya kazi kila robo mwaka, kuifuta kwa makusudi, na kuhesabu muda hadi mtumishi aliyeitumia aweze kuendelea pale alipoishia. Bodi iwekewe idadi hiyo ya saa mezani kabla ya kuidhinisha fedha za mfumo wowote wa kufuta, na pale idadi hiyo haipo, uwezo wa kufuta kwa wingi uzimwe hadi ipatikane.